Namba mbili nisizozijua zimesajiliwa kwa jina langu. Nifanye nini?

*"Habari za kazi. Mimi ni mama mfanyabiashara, nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, na mzigo mwingine napeleka Tabora. Miezi michache iliyopita simu yangu ilitumbukia ziwani, nikaenda kurudisha laini kwa kijana anayekaa chini ya mwavuli. Akaniambia kidole hakisomi. Nikaweka, nikafuta, nikaweka tena, hata sikumbuki mara ngapi. Laini ikarudi, nikasahau. Wiki iliyopita nimepigiwa na mtu anasema nadaiwa mkopo wa simu, nisipolipa atatuma picha yangu kwa watu wote ninaowajua. Sijawahi kukopa kwenye simu. Mwanangu akapiga \*106#, tukakuta namba mbili sizijui. Na kuna jambo jingine: picha ya kitambulisho changu cha NIDA niliwahi kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chetu. Je, wanaweza kuingia benki wakachukua akiba yangu? Naweza kupewa namba nyingine ya NIDA? Na nikienda polisi, si ndiyo nimejipeleka mwenyewe?"*

Pole sana dada yangu, na mpongeze mwanao. Watu wengi huijua \*106#, ile inayoonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, siku wanapoitwa kituoni kuulizwa habari za laini ambayo hawajawahi kuishika. Ninyi mmetangulia, na katika mambo ya namna hii aliyetangulia kusema ndiye mwenye nafuu.

Swali lako lina hofu tatu zilizofungwa kitita kimoja: akiba ya benki, namba ya NIDA na polisi. Hazina uzito sawa, kwa hiyo nitazifungua mojamoja, nikianza na ile inayokunyima usingizi bila sababu kubwa.

Benki. Mtu mwenye namba yako ya NIDA peke yake, au hata mwenye picha ya kitambulisho chako, hawezi kuingia kwenye akaunti yako na kuchota. Dirishani kuna mhudumu anayeangalia sura, saini na alama ya kidole. Kwenye simu, huduma ya benki imefungwa kwenye namba yako uliyoiandikisha na inafunguliwa kwa namba ya siri. Hizo laini mbili hazikuandikishwa benki kwako, kwa hiyo akaunti yako haizijui. Kitu ambacho kingenitia wasiwasi ni laini yako mwenyewe kuhamishiwa kwenye kadi nyingine, na dalili yake nitaieleza baadaye.

Ila kuna mlango mmoja ambao akina mama wengi wa sokoni wanauacha wazi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kama namba yako ya siri ya pesa za simu ni mwaka wako wa kuzaliwa, basi aliyeona kitambulisho chako ameisoma, imo mbele kabisa, tarakimu nne za kwanza. Sijui kama yako ndiyo hiyo na usiniambie. Kama ndiyo, ibadilishe kabla hujamaliza kusoma hapa, na usiweke mwaka wa mtoto wa kwanza badala yake, maana huo nao kijiji kizima kinaujua.

Sasa tuje kwenye namba yenyewe. Hapana, hutapewa nyingine. Namba ya utambulisho wa taifa hutolewa mara moja kwa maisha. NIDA wanaweza kurekebisha taarifa zilizokosewa au kukupa kadi nyingine kwa iliyopotea, lakini namba haibadilishwi kwa sababu imevuja. Na hapo ndipo penye kosa la mawazo ambalo nalisikia kila siku: watu wanaichukulia namba ya NIDA kama namba ya siri. Siyo siri, wala haikutengenezwa iwe siri. Umeiandika benki, kwenye fomu za shule, kwa wakala wa laini, kwenye kikoba, pengine na kwa mwenye nyumba. Mpaka sasa watu wengi kuliko unavyodhani wanayo. Laini haisajiliwi kwa namba tupu. Lazima kuwe na kidole. Na kidole chako, dada, kilikuwepo.

Nikueleze kinachotokea chini ya ule mwavuli, maana ukikielewa hutahitaji kukariri onyo lolote. Tangu Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, kila wakala anatembea na simu yenye programu ya usajili na kifaa kidogo cha kusoma kidole. Anaandika namba ya laini inayosajiliwa, anaandika namba yako ya NIDA, wewe unaweka kidole. Alama inasafiri kupitia mtandao wa kampuni ya simu hadi kwenye hifadhidata ya NIDA, inalinganishwa na ile uliyoacha siku ya kujiandikisha, na jibu linarudi: ni yeye, au siye. Likirudi "ni yeye", laini imeshakuwa yako.

Tazama sehemu ambayo huioni. Kile kifaa hakikwambii kidole chako kinathibitisha laini ipi. Namba ya laini imeandikwa kwenye kioo kilichomwelekea wakala. Ukiweka kidole mara ya kwanza, laini yako imerudi. Anakwambia haijasoma, anaandika namba ya kadi nyingine aliyonayo mfukoni, unaweka tena. Hapo umesajili laini ya pili. Ni sawa na kutia saini kwenye karatasi ambayo maandishi yake yameelekezwa upande mwingine. Kadi hizo huuzwa kama "laini iliyokwisha kusajiliwa", na wanunuzi wake wakubwa ni wale wanaotuma "ile hela tuma kwenye namba hii". Tapeli hataki laini yenye jina lake. Anataka yenye jina la mama muuza dagaa ambaye hatapata habari.

Nisimhukumu yule kijana kabla ya wakati, hata hivyo. Kidole kukataa kusoma ni jambo la kweli kabisa, hasa huku kwetu. Mikono inayoanika dagaa, inayokamua mawese, inayolima Kasulu na Kibondo, michirizi ya vidole vyake huwa imechakaa. Chumvi, mafuta na maji huzidisha. Nimeona wazee waaminifu wakihangaishwa na wakala mwaminifu, kila mmoja akimdhani mwenzake mwongo. Kwa hiyo kurudia kuweka kidole peke yake si ushahidi wa wizi. Tofauti unaipata kwenye kioo cha simu: kama kweli haikusoma, maandishi ya kukataa yatakuwepo, na namba ya laini itakuwa ileile. Una haki ya kumwambia, "Nionyeshe kilichoandikwa, na nisomee namba unayoisajili." Akikunja uso, funga mkoba wako uende dukani kwa kampuni yenyewe. Na kabla hujasimama kwenye kile kiti, piga \*106# palepale.

Kabla hatujaenda mbali, kuna swali ambalo lazima ulimalize nyumbani kwanza. Una uhakika laini hizo mbili hukuzisajili wewe kwa hiari? Nauliza kwa sababu Kigoma ina jambo lake. Mkoa wetu uko mpakani, maombi ya NIDA yanapita kwenye mikono mingi, Uhamiaji ikiwemo, na kuna ndugu zetu, Watanzania halisi, wanaosubiri muda mrefu. Katika kusubiri huko, mpwa anasema, "Shangazi, nisaidie kidole nipate laini," na shangazi anatoa. Miaka inapita, mpwa anahamia Dar es Salaam, kadi anampa rafiki yake. Naujua uchungu wa jambo hili, na sitakwambia ni roho mbaya kumsaidia ndugu. Lakini sheria humtambua aliyesajiliwa, na siku laini hiyo ikitumika vibaya hakuna mtu atakayemtafuta mpwa. Waulize watoto, wapwa, mfanyakazi wa zamani. Kama moja ni ya ndugu mwenye kitambulisho chake, akaihamishie kwenye jina lake. Zile ambazo hakuna anayezijua ndizo tunazoshughulikia.

Za namna hiyo, usizipigie. Najua hamu ya kusikia nani atapokea, lakini utakuwa umemwamsha, na akijua atavunja kadi na kuondoka na kila ulichotaka kijulikane. Ziandike kwenye karatasi pamoja na tarehe, na mwanao apige picha kioo cha simu kinapoonyesha majibu ya \*106#. Rudia kwenye mitandao mingine pia: Vodacom, Airtel, Yas ile iliyokuwa Tigo, Halotel na TTCL. Kama huna laini ya mtandao fulani, kaulize kwenye duka lao. Kutokuwa na laini ya kampuni fulani hakukuzuii kuwa na laini ya kampuni hiyo kwa jina lako, na ndiyo maana wezi hupenda kwenda huko.

Kisha nenda duka la huduma la kampuni yenye hizo namba, si kwa mwavuli wowote, na kitambulisho chako halisi. Waambie laini hizi si zako na unataka ziondolewe kwenye jina lako. Watakuomba kidole tena, safari hii kwa kazi ya haki. Omba mambo mawili ambayo watu husahau. La kwanza, tarehe ambayo laini hizo zilisajiliwa, kwa sababu ikilingana na siku uliyorudisha laini yako, habari yote imejieleza. La pili, uthibitisho wa maandishi kwamba umelalamika: namba ya malalamiko, ujumbe mfupi, karatasi yenye muhuri, chochote chenye tarehe. Wakikwambia "tumeshatoa, nenda tu", kaa. Usiondoke mikono mitupu.

Polisi sasa, na hapa nakuelewa. Hofu ya "nimejipeleka" ni ya watu wengi, na sitakudanganya kwamba kituoni hutaulizwa maswali. Utaulizwa. Laini zina jina lako, na kama zimetumika kumtapeli mtu, upelelezi wowote utaanza na wewe. Lakini angalia nyakati. Ukienda leo, wewe ni mlalamikaji mwenye namba alizozigundua mwenyewe na uthibitisho wa kampuni. Ukingoja wakufuate, unaanza ukiwa mtuhumiwa anayejitetea kwa maneno matupu. Maelezo ni yaleyale, uzito wake siyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 15, inalitaja kosa la kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, kwa hiyo hupeleki umbea, unapeleka kosa lililoandikwa. Omba RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, na uitunze. RB hailipiwi. Kama moyo bado mzito, kwenye kata nyingi kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Muulize mtendaji wa kata yako, mmoja akusindikize. Ukiwa tayari umepewa wito wa maandishi, basi usiende peke yako kabisa.

Nimeliacha deni kwa makusudi, maana hili ndilo ambalo ningeomba ulitazame kwa macho mawili. Yule aliyekupigia anaweza kuwa mmoja wa watu watatu, na jibu la kila mmoja ni tofauti. Anaweza kuwa mkopeshaji halali. Mikopo ya simu hutolewa kwa kuangalia mzunguko wa pesa kwenye laini, na laini ya utapeli huwa na mzunguko mzuri tu, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mwizi alikopa kupitia laini yenye jina lako. Anaweza kuwa mmoja wa wale kausha damu wa mitandaoni wasio na leseni, ambao mtu akikopa wanakomba orodha yote ya majina kwenye simu yake na kuwatisha ndugu na marafiki. Hapo huenda hakuna aliyekopa kwa jina lako hata kidogo, ni jamaa yako tu aliyekuwa na namba yako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Au anaweza kuwa tapeli mtupu anayejaribu bahati.

Huna haja ya kubahatisha ni yupi. Muulize kwa maandishi: wewe ni taasisi gani, mkopo ulitoka lini, kiasi gani, uliingia kwenye namba ipi. Mkopeshaji halali anayo majibu. Akitaja moja ya zile namba mbili, umepata kiungo muhimu, kipeleke kituoni na dukani. Akikupa matusi na vitisho vya picha, umeshajua uko na nani. Mimi binafsi, kitisho hicho cha picha kinanielekeza zaidi kwa hao wa pili, lakini bila majibu yake ni dhana tu. Hata awe nani, usifanye mambo mawili: usimtumie picha ya kitambulisho "ili ahakiki", na usilipe kidogo ili akuache. Wapo watakaokushauri, "Mpe elfu kumi apumzike." Hatapumzika, na ukilipa umeandika kwa mkono wako kwamba deni ni lako.

Kama deni ni la taasisi halali, lina mkia mrefu kuliko kelele za simu. Mabenki na wakopeshaji wenye leseni hupeleka kumbukumbu za wakopaji kwenye taasisi za taarifa za mikopo zinazosimamiwa na Benki Kuu, kama Creditinfo Tanzania. Jina lako likikaa huko kama mdaiwa sugu, siku utakapoomba mkopo wa kuongeza mtaji utakataliwa bila kuelewa. Nenda benki yako, omba ripoti yako ya taarifa za mikopo iangaliwe. Ikiwa na deni usilolijua, pinga kwa barua ukiambatanisha nakala ya RB na ule uthibitisho wa kampuni ya simu. Itachukua muda na utazungushwa kidogo. Ndiyo sababu nakusisitizia karatasi.

Picha ya kitambulisho kwenye kundi la kikoba: mwombe katibu aifute, lakini usijidanganye, waliokwisha kuiona wanaweza kuwa nayo. Hatari yake si kubwa kama ya kidole. Kwa siku zijazo, ukidaiwa nakala, iandike kwa kalamu juu ya picha, katikati, "Kwa kikoba tu" na tarehe, ndipo utoe. Nakala ya namna hiyo haimfai mwizi. Mahali ambapo panaponitisha kuliko kikoba ni steshenari. Unamtumia kijana kitambulisho kwa WhatsApp akuchapie, anachapa, unalipa, unaondoka, na faili linabaki kwenye kompyuta ambayo kila mtu wa mtaa anaitumia. Simama pale uone amelifuta, kwenye simu yake na kwenye kompyuta. Ni haki yako. Tangu 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayombana anayekusanya taarifa zako kwa kazi moja asizitumie kwa nyingine, na ipo Tume ya kupokea malalamiko.

Ile dalili niliyokuahidi ni hii: simu yako ikipoteza mtandao ghafla, wakati majirani wenye mtandao uleule wanaongea bila shida, na ukizima na kuwasha hairudi, usingoje asubuhi. Huenda laini yako imehamishiwa kwenye kadi nyingine. Azima simu, piga 100 wafunge laini pamoja na pesa zake, kisha pigia benki. Hapo dakika zina bei. Na ukumbuke kampuni za simu zikikupigia hutumia namba 100. Anayekupigia kwa namba ya kawaida akijiita huduma kwa wateja na kutaka namba ya siri au zile tarakimu zilizoingia kwa ujumbe, kata. Jumbe za kitapeli zipeleke 15040, utaulizwa namba iliyokutumia, uiandike.

Laini yako ya biashara usiifunge. Wateja wako wa Tabora wanakujua kwa namba hiyo, na haijaguswa. Baada ya kama wiki moja tangu uende dukani, piga tena \*106#. Ukikuta hata moja ya zile mbili bado ipo, rudi palepale na RB yako, na safari hii omba kuonana na msimamizi wa duka.